Mwongozo wa Nahodha wa Miyuji

Mji wetu umepewa jina la kitu kilichozama. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji, akanasa kwenye tope, akadidimia, na waliomwona wakasema idodomya, yaani amezama. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba Dodoma haina historia ya majini. Ajali tulishaipata. Tulichochelewa ni chombo.

Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Miyuji, hapa Dodoma, au jirani yake wa Veyula, aliyeamka siku moja ya Oktoba vumbi limemjaa masikioni, akasema: nataka mashua ya tanga, nisafiri ziwani wiki tatu. Usiogope. Wazimu huo unao, lakini hukuuanza wewe. Mimi mwenyewe ninayo mashua. Ina urefu wa mita sita na robo, ina mlingoti, ina usukani, na imekaa uani kwangu mwaka wa pili sasa bila kuzama hata mara moja. Manahodha wa Kigoma wanaoweza kusema hivyo nadhani si wengi.

Kwanza ujue umesimama wapi. Tuko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko mita 1,134. Yaani kwa kimo sisi na watu wa Mwanza tunatazamana macho kwa macho; tunachopungukiwa ni maji tu. Mvua yetu kwa mwaka wa kawaida ni milimita 550 hadi 600, karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha mito inarudi kuwa barabara ya mchanga. Korongo likijaa linajaa kwa saa mbili, na katika saa hizo mbili hakuna mwenye akili timamu anayeshusha chombo. Wenye akili wanakuwa ng'ambo, wameshika viatu mkononi, wanasubiri.

Kwa hiyo itabidi ulifuate ziwa. Bahi iko karibu, upande wa magharibi, na mwaka wa mvua nzuri ina maji, ina samaki, ina watu wanaoishi kwa kuvua. Mwaka wa ukame ni uwanja. Mtu akikuuliza bandari yako iko wapi hutaki kumjibu "inategemea". Hombolo ni bwawa zuri, limejengwa tangu 1957, lakini utalivuka kabla chai haijapoa. Mtera ni jambo jingine, na nitalirudia, kwa sababu liko njiani. Ila safari yenyewe, ile ya kusimulia wajukuu, ni Ziwa Tanganyika: urefu wa kilomita zipatazo 670, kina cha mita 1,470 pale penye kina zaidi, la pili duniani baada ya Baikal. Kwa mashua ya mita sita, kina cha mita 1,470 hakina faida yoyote juu ya kina cha mita mbili. Lakini kitaje. Watu wa Miyuji wanaheshimu shimo refu. Sisi ndio tunaochimba visima.

Hapa ndipo nahodha wa nchi kavu anapofanya kosa lake la kwanza. Anatazama ramani, anaona reli inatoka Dodoma inakwenda Kigoma, anasema basi, Mungu ameshapanga. Hakupanga. Kuanzia Mei hadi Agosti, wakati mvua zimekatika na safari inapendeza, upepo wa ziwa lile unatoka kusini-mashariki, na huko kusini unavuma kwa hasira. Ukianzia Kigoma kwenda kusini, utasafiri wiki tatu upepo ukikupiga usoni, unakwenda joshi kushoto, joshi kulia, na jioni unakuta umelala kijiji kile kile ulichoamkia. Wanakijiji watakuzoea. Watakupa shamba. Anzia Kasanga, chini kabisa, uupe upepo mgongo wako, upite Kipili, Kirando, Karema, Ikola, uzunguke milima ya Mahale, uje uingie Kigoma umekaa kama mbunge. Hiyo maana yake reli inakufaa wakati wa kurudi, wakati huna mashua. Wakati wa kwenda unahitaji lori: Miyuji, Mtera, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Kasanga.

Ndiyo maana nasema: chagua lori kwanza, mashua baadaye.

Wataalamu wa ufukweni watacheka. Wao huanza na umbo la mkuku, na mbao za ubavuni, na kama omo ichongoke au isichongoke. Waache wacheke, wao chombo chao wanakisukuma hatua ishirini kipo majini. Wewe una zaidi ya kilomita elfu moja za lami kabla mashua haijalowa. Nenda na futi kamba hadi kwenye maegesho ya malori, pima bodi, urefu na upana. Dereva akikuuliza unapakia nini, usimwambie mashua. Mwambie mbao. Ni kweli, ni mbao, zimepangwa tu kwa namna yake. Mimi nilisema mashua, na bei ikapanda pale pale, si kwa uzito bali kwa mshangao.

Na usidhani jambo hili ni geni kwenye ardhi hii. Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa, na kwenye mizigo yake kulikuwa na mashua, Lady Alice, urefu wa futi 40, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande ili ibebwe mabegani. Vipande vilipofika Zanzibar ikaonekana ni vipana na vizito mno kwa njia zetu za miguu, ikabidi fundi avipunguze. Hebu tafakari: chombo kimetengenezwa na mabingwa wa mto Thames, na kasoro yake ya kwanza ni kwamba hakipiti kichakani. Desemba ile mashua hiyo ikapita Ugogo, hapa hapa, katikati ya mvua na njaa, wapagazi wakiibeba huku wakikanyaga tope. Wagogo walikuwa wamewahi kuona mengi yakipita: pembe, nguo, shanga, watu waliofungwa minyororo. Mashua isiyo na maji ilikuwa mpya. Watemi wakatoza hongo kama kawaida. Enzi hizo hongo lilikuwa neno la heshima, ushuru wa njia unaolipwa hadharani kwa doti za nguo, na hakuna aliyekuita pembeni.

Ilichukua zaidi ya miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Ziwa Victoria. Machi 1875 Lady Alice ikashushwa majini, ikalizunguka ziwa lote kwa siku 57, usukani ukiwa mikononi mwa Uledi, mmoja wa Wangwana wa msafara ule. Mwaka uliofuata ikalizunguka Tanganyika. Mwaka 1877 ikaachwa juu ya mawe kando ya mto Kongo kwa sababu watu walikuwa wamechoka kuibeba. Ukitazama maisha yake yote utaona haikuwabeba watu tu, nayo ilibebwa sana. Mashua yako nayo itakuwa hivyo, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujanunua msumari.

Wajerumani walifanya kwa ukubwa zaidi. Meli yao Graf von Götzen ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa kwenye makasha karibu 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni. Reli ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Kwa hiyo meli yenye urefu wa zaidi ya mita 70 imepita stesheni yetu, na bila shaka kuna mtu wa Dodoma alikuwa amekaa pale kivulini, akaitazama ikipita, asijue. Iliunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916, vita vilipowalemea, Wajerumani wenyewe wakaizamisha, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wakaipaka mitambo yake grisi nzito kila mahali. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na grisi ile ndiyo iliyoiokoa mitambo.

Chukua mambo mawili hapo. La kwanza, kila kipande kiwe na namba. Mlingoti, foromali, usukani, mbao za kukalia, makasia, vyote viandikwe kwa rangi ya mafuta, si kwa chaki. Mimi niliandika kwa chaki, mvua ya Januari ikafuta, na hadi leo nina ubao mmoja uliochongwa vizuri sana ambao sijui unakwenda wapi. La pili, grisi. Grisi haijawahi kuwa nyingi mno.

Kuna na wale wa tatu, Waingereza wa mwaka 1915, waliotaka kuwafukuza Wajerumani ziwani kwa boti mbili walizozisafirisha kutoka Cape Town, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Katanga. Boti ziliitwa Mimi na Toutou. Kwa Kifaransa sijui zilipendeza vipi, ila kwa Kiswahili usimpe mashua yako jina la Mimi. Mtu akipiga simu kuuliza nani amekwama Makambako, utajibu nini?

Sasa mbao. Mbao zinazouzwa Dodoma kwa wingi ni za paa, misonobari na mikaratusi inayoshuka kutoka Mafinga na Njombe kwenye malori. Ni mbao nzuri kwa kazi yake, na kazi yake ni kukaa juu, pakavu, chini ya bati. Kwa mashua tafuta mninga au mvule, ujiandae kwa bei. Kama mfuko hauruhusu, nenda na mkaratusi uliokauka vizuri kwa mbao za ubavuni, ukubali kwamba umenunua mashua ya miaka michache. Taruma, zile mbavu za ndani, usizikate kwenye ubao ulionyooka. Tafuta tawi lililojipinda lenyewe. Hapo ndipo Ugogo unapowazidi wengine, maana miti yetu haijawahi kunyooka.

Fundi. Miyuji kuna mafundi seremala hodari wa vitanda, makabati na milango, na ukipata mmoja mwenye subira anatosha. Nilimwonyesha wangu mchoro. Akauzungusha mara mbili, akaulaza mezani, akashika kidevu.

"Mzee, nimeelewa. Mlango unafungukia upande gani?"

Nikamwambia hauna mlango.

"Sasa mnaingiaje?"

Nikamweleza mnaingia kwa juu. Akanyamaza kidogo, akasema basi bei ishuke, maana kwenye milango ndiko kwenye bawaba. Nimefanya kazi na watu waliosoma zaidi ambao hawajawahi kunipunguzia bei kwa sababu ya ukweli.

Umbo mwambie hivi: kitako kipana, mkuku mfupi, isihitaji maji marefu. Sababu ni mbili na zote ni nzito. Mashua yenye kitako kipana hukaa kwenye lori bila kulalia ubavu. Na mwambao wa Tanganyika mahali pengi milima inaingia majini moja kwa moja. Ukitupa nanga hatua thelathini kutoka nchi kavu, kamba inakwisha na nanga bado inashuka. Kwa hiyo jioni unatafuta kijipwani cha mchanga, unaivuta mashua juu, unalala. Mashua usiyoweza kuivuta wewe na wavuvi wanne waliojitolea ni kubwa mno kwako.

Majirani nao watapita. Jina la Nuhu utaitwa ndani ya siku tatu. Usijitetee, itika tu. Mimi jirani yangu mmoja, bibi wa Kigogo mwenye mbuzi wengi na maneno machache, alikuja hadi ukutani, akanisalimu, "Mbukwenyi, Baba Neema." Nikaitikia. Akaitazama mashua kwa muda, mbao zimefika nusu.

"Hilo josho litaisha lini? Mbuzi wangu wana kupe."

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nikasema, "Karibu tunamaliza, bibi." Bado anasubiri, na mbuzi bado wana kupe.

Lakini adui mkubwa wa mashua ya Dodoma hana miguu. Ni hewa. Hewa yetu ya kiangazi inakausha nguo kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika ya mwisho, na mbao nayo ni nguo nene tu. Pwani fundi anakalafati mashua, yaani anapigilia nyuzi za pamba kwenye maungio kwa patasi na nyundo ya mti, anapaka mafuta, na unyevu wa bahari unaishikilia ile kazi. Hapa ukikalafati Juni, Septemba mbao zimenywea na pamba inaning'inia kama ndevu. Nilipoona hivyo nikarudia, nikajaza pamba kwa nguvu zangu zote mpaka maungio yakakaza. Kosa lingine. Mbao kavu ikiingia majini inavimba, na ikikuta maungio yamejazwa kupita kiasi inajisukuma, inang'oa misumari, inapasua taruma. Kwa mbao kavu jaza kwa kiasi, pamba ikae tu, halafu uache maji yenyewe yafunge. Mashua ya mbao siku ya kwanza majini inavuja. Haikosei, ni kiu. Inakunywa siku moja au mbili, inavimba, inaziba. Usiku huo wa kwanza ifunge pembeni kwenye maji mafupi ukalale mahali pengine.

Wewe uliye Miyuji utainywesha wapi? Hili lilinisumbua hadi mvua za Desemba zilipojibu. Ilinyesha usiku kucha, asubuhi nikakuta mashua imejaa hadi kwenye mbao za kukalia, maungio ya chini yamefunga barabara. Nikawa nimepata vitu viwili kwa pamoja: chombo kisichovuja na tangi. Wiki ile maji ya bomba yalikuwa ya mgao, na kufikia saa nne foleni ya ndoo ilikuwa imefika barabarani. Watu walichota maji ya mashua kwa kata kwa siku sita. Nimewahi kusoma kwamba baharia mzuri anafua maji kutoka kwenye chombo bila kuchoka. Basi mtaa wetu una mabaharia, na wengi wao ni wanafunzi wa darasa la tano. Kama hamna mvua, weka magunia yaliyolowa ndani yake na uyamwagie maji kila jioni, na iweke chini ya kivuli, si juani kama gari linalouzwa.

Tanga. Maji hatuna, ila upepo tunao, na kuanzia Julai tunao kupita mahitaji. Chukua tanga la pembetatu lenye foromali, kama la mashua za pwani, kwa sababu mlingoti wake ni mfupi na unalala vizuri kwenye lori. Ubaya wake ni kwamba ukibadilisha upande sharti uihamishe foromali kuzunguka mlingoti, kazi ya watu wawili, nanyi mkiwa mmegombana asubuhi ni kazi ya saa nzima. Kitambaa bora ni turubai jepesi la pamba. Cha pili ni viroba vilivyoshonwa pamoja, na wavuvi wengi wa maziwa yetu wanakwenda navyo salama. Langu ni la viroba vya unga. Likijaa upepo linasomeka SEMBE SAFI mara kumi na nne, nne kati ya hizo kichwa chini.

Nililijaribu Agosti, pale uani, mashua ikiwa juu ya mawe manne. Unavuta foromali juu, na ule mwisho wa chini wa tanga una kamba, demani, ambayo ndiyo breki na ndiyo mafuta. Ukiivuta tanga linashika upepo, ukiiachia linapepea bure na chombo kinasimama. Kamba hiyo haifungwi. Inashikwa mkononi muda wote, hata ukiwa unakula. Mimi niliifunga kwenye mwarobaini ili niende kuchukua simu nipige picha. Upepo ukaja, wa kwetu ule unaobeba mchanga na mifuko ya plastiki. SEMBE SAFI zikasomeka zote kwa mpigo, mwarobaini ukainama, mashua ikashuka kwenye mawe, ikapiga hatua mbili kuelekea jikoni na kuchukua kamba ya nguo za jirani pamoja na shuka mbili na sare ya shule. Mke wangu alitoka na mwiko mkononi, akaitazama mashua iliyosimama mlangoni. Hakusema kitu. Nilirudisha shuka mwenyewe, zimekunjwa.

Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote ambazo chombo changu kimefanya kwa nguvu ya tanga, mita moja na nusu hivi, na nilijifunza zaidi kuliko kwenye kitabu.

Mtera sasa. Barabara ya Iringa inapita juu ya bwawa lenyewe, kwa hiyo lori litasimama pale hata hivyo, na ndipo mahali pa kujaribu mashua kabla hujaipeleka mbali na fundi wako. Usishangae ukikuta maji yako mbali na ulivyoambiwa. Bwawa lile ni la umeme. Likijaa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kiwango cha chini cha kuzalisha ni mita 690, na pale ambapo nchi ni tambarare, mita moja ya kushuka inayapeleka maji mbali sana na ufuko wa jana. Chini kuna magogo ya miti iliyofunikwa maji yalipojaa. Kuna viboko, kuna mamba. Nilikwenda peke yangu mwanzoni mwa mwaka kukagua, kijana mmoja mvuvi akanipakia kwenye mtumbwi wake.

"Baba, mashua yako iko wapi?"

"Miyuji."

"Inafanya nini huko?"

"Inajiandaa."

Akapiga kasia kama mara kumi hivi kabla hajaniuliza kama nina mtoto mkubwa wa kunisaidia.

Chakula hakihitaji maneno mengi, maana Dodoma ni ghala la baharia bila kujua. Mlenda uliokaushwa na kusagwa ni mwepesi, hauozi, unahitaji maji tu, na safari hii maji yatakuwepo. Karanga, ubuyu, zabibu kavu, unga wa uwele. Mboga utanunua njiani, migebuka na dagaa, isipokuwa siku za mbalamwezi, kwani taa za wavuvi hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa, na soko linapoa. Maji ya kunywa chota mbali na ufuko uyachemshe. Mabaharia wa baharini hulia kwamba wamezungukwa na maji chumvi. Wewe maji ya chumvi umeyaacha nyumbani kisimani. Ukiona vijito vyenye majani na konokono, usikae humo miguu ndani ukitafakari; kichocho hakina utani.

Na mimi kwa aya moja sina utani. Jaketi la kujiokolea ni moja kwa kila mtu, la ukubwa wake, na linavaliwa, halikaliwi. MV Bukoba ilipinduka Mei 1996 karibu na Mwanza ikiwa imepakia kupita kiasi, mamia wakafa na nchi kavu inaonekana kwa macho. Mashua ya mita sita ni ya watu wanne na mizigo yao. Wa tano ni mjomba, naye abaki. Kabla ya kushusha chombo nenda TASAC, shirika la wakala wa meli, kikaguliwe na kusajiliwa, sikiliza utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila asubuhi, na ukimuuliza mvuvi wa Kirando kama kesho ni siku ya kusafiri naye akatazama milima asijibu, basi amejibu. Lala.

Ukifika Kigoma uza mashua. Usiilete nyumbani. Stanley aliiacha yake, nawe si bora kuliko Stanley katika hili. Itapata mtu, itavua dagaa, wewe panda treni urudi Dodoma na begi moja na usukani, kama unaupenda.

Yangu iko tayari. Maji nimeyamwaga, kuku watatu waliokuwa wanatagia kwenye tezi nimewahamisha, kalafati imekaa kwa kiasi, namba safari hii ni za rangi ya mafuta. Kinachokosekana ni lori. Malori ya mbao yanakuja Dodoma yamejaa na kurudi Mafinga matupu, kila wiki nayaona yakipita. Mwenye lori lenye bodi ya mita sita na nusu, anayerudi tupu kabla ya mwisho wa Mei, aulize Miyuji nyumbani kwa Baba Neema. Akipotea, aulize kwenye josho.